Maji ya Dripu Si Maji Matupu

Kuna ombi ambalo sisi wauguzi tunalisikia karibu kila siku katika hospitali na zahanati za mwambao wa ziwa letu: "Sista, mgonjwa wangu hana nguvu kabisa, mtundikieni dripu." Ndugu wa mgonjwa wakielezwa kwamba hahitaji dripu, wengine huondoka wakinung'unika. Wapo hata wanaokwenda kumtafuta mtu wa kuwatundikia nyumbani kwa malipo. Kwa wenzetu wa visiwani, mathalani Rukuba, ambako safari ya kwenda Musoma hutegemea boti na hali ya ziwa, kishawishi hicho huwa kikubwa zaidi.

Nyuma ya ombi hilo kuna swali zuri ambalo halijibiwi mara nyingi: kwani ndani ya chupa ya dripu kuna nini? Kama ni maji, si tumezungukwa na maji? Kwa nini yasichemshwe maji ya ziwa, yakachujwa vizuri na kutiwa mshipani? Jibu ni kwamba maji matupu, hata yakiwa safi kama machozi, yakiingia kwa wingi katika mshipa wa damu yanaweza kuua. Maji ya dripu hayana budi kulingana na damu. Yafaa kila familia ifahamu maana ya neno hilo "kulingana", kwa sababu linahusu pia pakiti ya ORS tunayokoroga nyumbani.

KACHUMBARI NA MCHICHA

Tuanze jikoni. Mama anapokata nyanya na vitunguu vya kachumbari na kunyunyiza chumvi, baada ya muda mfupi bakuli huwa na maji chini. Hakuna aliyemimina maji. Chumvi iliyo nje imeyavuta kutoka ndani ya nyanya na vitunguu. Wavuvi wetu wanalijua jambo hilo kwa njia nyingine. Wanapompasua sangara na kumtia chumvi nyingi ili kutengeneza kayabo, samaki hutoa maji, hupungua uzito na kukakamaa.

Sasa chukua mchicha ulionyauka, uutie katika beseni la maji baridi. Baada ya saa moja au mbili majani yanasimama tena. Safari hii maji yameingia ndani, kwa sababu chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka ndani ya majani ni vingi kuliko vile vilivyo katika maji ya beseni.

Kanuni ni moja. Pakiwa na utando mwembamba unaopitisha maji lakini unaozuia chumvi, maji huhama kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Wataalamu huita kuhama huko osmosisi. Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, na kila chembe imefunikwa kwa utando wa namna hiyo. Kwa hiyo kila siku, ndani ya kila mmoja wetu, maji yanaingia na kutoka katika chembe kwa kufuata chumvi na sukari.

KINACHOTOKEA KATIKA DAMU

Tazama sasa chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa safi kutoka mapafuni. Chembe ya mchicha ina ukuta mgumu unaoizuia isipasuke inapojaa maji. Chembe nyekundu haina ukuta huo, ina utando laini tu. Ukidondosha damu kidogo katika maji matupu, chembe hizo huvuta maji, huvimba na kupasuka. Katika maji yenye chumvi nyingi kupita kiasi, hutoa maji na kusinyaa kama dagaa waliokauka juani. Katika maji yenye chumvi inayolingana na ya damu, hubaki na umbo lake.

Chembe zikipasuka kwa wingi ndani ya mishipa, wekundu wake humwagika katika damu na kupita kwenye mafigo. Mkojo hugeuka rangi kama ya chai ya rangi au kola, na mafigo huweza kuharibika. Kuna hatari nyingine, nayo ni ubongo. Damu ikiwa nyepesi mno kwa chumvi, maji huingia katika chembe za ubongo pia, nao huvimba. Tumbo likivimba lina nafasi ya kutanuka. Ubongo umefungiwa ndani ya mfupa wa kichwa na hauna mahali pa kwenda. Mgonjwa huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, hupata degedege, na anaweza kufa. Watoto wadogo hupatwa upesi zaidi kuliko watu wazima.

WALIOTUTANGULIA

Ujuzi huu ulipatikana kwa taabu, na mwalimu mkubwa alikuwa kipindupindu. Ugonjwa huo ulipoingia Uingereza mwaka 1831, daktari kijana William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa na kugundua kwamba imepungukiwa na maji pamoja na chumvi. Mwaka 1832 daktari Thomas Latta, kule Leith katika Scotland, alithubutu kutia maji ya chumvi katika mshipa wa mama mzee aliyekuwa karibu kukata roho. Mama yule alipata nafuu ya ajabu mbele ya macho yake. Lakini kuhara kuliendelea, hakuongezewa maji mengine, na baada ya saa chache alifariki. Hilo nalo ni funzo: mgonjwa anayeendelea kupoteza maji lazima aendelee kurudishiwa.

Kipimo halisi kilikuwa bado kutafutwa. Katika miaka ya 1880 na 1890 mtaalamu Mholanzi, Hartog Jakob Hamburger, alichunguza ni maji ya chumvi ya kiasi gani hayapasui wala hayasinyazi chembe nyekundu za damu. Kwa damu ya binadamu alipata asilimia 0.9, yaani gramu 9 za chumvi katika lita 1. Mpaka leo namba hiyo imeandikwa kwenye chupa za maji ya chumvi tunazotundika wodini. Ukipata nafasi ya kuiona chupa, isome.

CHUPA TATU ZA WODINI

Wataalamu hupima wingi wa vitu vilivyoyeyuka kwa kipimo kiitwacho miliosmoli. Damu yetu ina takriban 290 kwa kila lita. Sasa linganisha na chupa tatu zinazotumika sana katika hospitali zetu.

Ya kwanza ni maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yenye 308. Ya pili ni maji ya Ringer, yaliyopewa jina la daktari Mwingereza Sydney Ringer, yenye 273. Haya yana chumvi ya kawaida, potasiamu, kalsiamu na lakteti, na kwa hiyo hufanana na maji ya damu kuliko mengine. Ndiyo tunayoyapendelea kwa mgonjwa wa kipindupindu. Ya tatu ni maji ya sukari ya asilimia 5, yenye kati ya 250 na 280. Utaona kwamba zote tatu zinakaribiana na damu.

Hata hivyo chupa ya tatu inahitaji uangalifu wa pekee. Ikiwa ndani ya chupa inalingana na damu, lakini ikishaingia mwilini sukari yake hutumiwa upesi, na kinachobaki ni maji matupu. Kwa sababu hiyo mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara hapaswi kujaziwa maji ya sukari peke yake. Chumvi aliyoipoteza haijarudi, na maji yanayobaki yanaweza kuvimbisha ubongo wake.

Na hapa nijibu lile ombi la "dripu ya nguvu". Chupa ya nusu lita ya maji ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani kama vijiko vidogo 5 au 6. Chupa ya maji ya chumvi haina chakula chochote. Mgonjwa anayeweza kumeza atapata nguvu nyingi zaidi katika bakuli la uji wa maziwa, na hatachomwa sindano wala kulipia chupa.

SINDANO NDOGO NA DAWA KALI

Msomaji makini atauliza: mbona nesi huchanganya dawa ya unga na maji ya sindano kutoka kichupa kidogo, nayo ni maji matupu? Ni kweli. Lakini maji hayo ni mililita chache, ilhali damu ya mtu mzima ni kama lita 5. Tena dawa yenyewe inapoyeyuka huongeza vitu ndani ya maji hayo. Hatari inakuja pale mtu asiye na ujuzi anapotumia maji ya namna hiyo kwa wingi, kama dripu. Hata kwa dawa ndogo kuna masharti. Sindano ya artesunate ya malaria kali huyeyushwa kwanza katika maji yake maalumu yanayokuja nayo, kisha huongezewa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 au maji ya sukari ya asilimia 5. Maelekezo yake yanakataza kuiongezea maji matupu ya sindano.

Upande wa pili kuna maji makali kupita damu. Sukari ya asilimia 50, anayopewa mtu mzima aliyeishiwa sukari mwilini, ina ukali wa karibu mara 9 ya damu. Hutiwa polepole katika mshipa mkubwa, kwa kuangalia sana, maana ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama na kuacha kidonda. Mtoto hupewa iliyopunguzwa hadi asilimia 10. Ndiyo sababu, unapomwona nesi akipima na kupima tena kabla ya kuchoma, usidhani anapoteza muda.

KWA NINI KIPINDUPINDU HAKISAMEHE

Tanzania imekijua kipindupindu tangu mwaka 1974. Mwaka 1997 kiliwapata watu zaidi ya 40,000 nchini. Agosti 2015 kilianza tena Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi. Sisi tunaokaa kando ya ziwa, na hasa katika makambi ya wavuvi yenye vyoo vichache, hatuwezi kusema ni ugonjwa wa wengine.

Mtu mzima mwenye kilo 60, aliyeishiwa maji kabisa kwa kipindupindu, huhitaji kama lita 6 za maji mshipani ndani ya saa 3. Lita hizo ni nyingi kuliko damu yote aliyo nayo. Fikiri basi ingekuwaje kama lita 6 hizo zingekuwa nyepesi mno au kali mno. Kosa dogo katika kijiko linaweza kuvumilika, lakini kosa hilo hilo katika ndoo haliponi.

Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walifika Goma, kando ya Ziwa Kivu. Maji ya ziwa yalikuwepo mbele ya macho yao, nao waliyanywa. Kipindupindu na kuhara damu vikaingia, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, walio wengi kwa magonjwa ya kuhara. Ziwa zima halikuweza kuwaokoa. Walihitaji maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, na walihitaji kuyapata mapema.

HATA YANAYOLINGANA YANA MASHARTI

Mtu asije akasema, "Basi maadam chupa ni halali, tutundikiwe tu." Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa upande wa nchi yetu ulifanyika Muheza, mkoani Tanga. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu walifuatiliwa. Wengine walitiwa maji mengi kwa haraka, wengine hawakuharakishwa. Kati ya kila 100 waliotiwa kwa haraka, 10 au 11 walikufa katika saa 48. Kati ya kila 100 ambao hawakuharakishwa, walikufa 7. Maji yalikuwa safi na yanayofaa damu, lakini wingi na haraka viliwadhuru watoto wale.

Watoto walioishiwa maji kwa kuhara hawakuwa katika utafiti huo. Hao maji ya haraka huwaokoa wanapokuwa katika hali mbaya. Kumtofautisha mtoto wa namna hii na wa namna ile ni kazi ya mtu aliyesomea, mwenye vipimo na anayekaa karibu na mgonjwa. Anayetundika chupa kwenye msumari wa nyumba na kuondoka hawezi kufanya kazi hiyo.

DRIPU YA KUNYWA

Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi wa kuhara hawahitaji mshipa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bongaon, nchini India, na kipindupindu kikawavamia. Chupa za dripu zilikuwa zinakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi na sukari kwa kipimo na kuwapa wagonjwa wanywe, huku ndugu zao wakisaidia kuwanywesha. Vifo, vilivyokuwa kama 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4. Sukari hufungua mlango wa utumbo, chumvi ikaingia pamoja nayo, na maji yakafuata. Ni kanuni ile ile ya kachumbari, ila safari hii inatusaidia.

Hapa napo kulingana ni lazima. Pakiti ya ORS ya zamani ilikuwa na 311 kwa lita. Ilionekana kwamba ikipunguzwa kidogo utumbo hunyonya vizuri zaidi, na mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza pakiti mpya yenye 245. Kwa pakiti hiyo mtoto hutapika kidogo zaidi, na wanaolazimika kutundikiwa dripu wamepungua kwa kama theluthi moja.

Lakini mama akimimina pakiti ya lita 1 katika nusu lita ili "iwe na nguvu", ameifikisha karibu 490. Badala ya kuingia mwilini, maji huvutwa kutoka mwilini kwenda tumboni, na kuhara kunazidi. Soda ina hatari hiyo hiyo. Ina kama gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, na karibu haina chumvi. Akiikoroga pakiti katika lita 3 ili "itoshe watoto wote", chumvi haitoshi kurudisha iliyopotea.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Osha mikono kwa sabuni. Chukua maji yaliyochemshwa na kupoa, lita 1 kamili. Chupa mbili za maji za nusu lita zitakusaidia kupima. Mimina pakiti yote, koroga, usiongeze chumvi, sukari wala soda, na usichemshe tena. Yakipita saa 24 yamwage, utengeneze mengine.

Kama pakiti hakuna, tia katika lita 1 ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu. Tumia kijiko cha chai, si cha chakula. Kumbuka, mchanganyiko huu ni wa kunywa tu. Hakuna maji yanayotengenezwa nyumbani yanayoweza kuingia mshipani, hata chumvi ikipimwa sawasawa, kwa sababu mabaki ya vijidudu peke yake yanatosha kuleta homa kali na kutetemeka.

Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, na mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko kimoja kimoja. Haba na haba hujaza kibaba. Anyonyeshwe, apewe chakula, na apate vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mtakavyoelekezwa na mhudumu wa afya.

Mpeleke mgonjwa kwenye huduma bila kuchelewa ukiona macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, hakojoi, analegea au kusinzia, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, anahara damu, au anahara maji mengi mfululizo. Kwa walioko visiwani nasisitiza: anzeni ORS papo hapo, na mwendelee kumnywesha ndani ya boti mpaka mfike, maadam ana fahamu na anaweza kumeza. Muda wa kumsubiri mtu wa kutundika dripu nyumbani ni muda ambao mgonjwa angekuwa tayari safarini.

Na daktari au nesi akisema dripu inahitajika, msikatae wala msiogope. Mna haki ya kuuliza kwa upole: ni maji gani haya, na ni kwa sababu gani? Angalieni kwamba chupa haijafunguliwa, maji ni maangavu bila chembe zinazoelea, na tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita. Mgonjwa akianza kutetemeka, kupumua kwa shida, kuvimba uso au kulalamika kichwa, mwiteni nesi mara moja. Msiongeze kasi ya matone wenyewe ili chupa "iishe haraka mwende nyumbani".

Wazazi wapendwa, wekeni pakiti mbili tatu za ORS nyumbani na katika mtumbwi, mahali pakavu, pamoja na kijiko cha chai na chupa ya kupimia. Siku ambayo ziwa limechafuka na boti haliwezi kuondoka, hizo ndizo zitakazomlinda mwanao mpaka upepo utulie.